Asumini: Ua na Jina Lake
Neno asumini lina asili ya Kiajemi, nalo liliingia katika Kiswahili kupitia Kiarabu. Umbo yasmini lingali likitumika. Katika asumini, y ya mwanzo imedondoshwa, na irabu u imetenganisha s na m. Pwani, maua haya meupe hupamba nywele na kutiwa katika vikuba pamoja na mrihani.

Mwasumini huo wa bustanini, Jasminum sambac, ulitoka Asia. Afrika ina wake wa mwituni, Jasminum fluminense, ambao jina lake la kisayansi, ajabu, linauhusisha na Rio de Janeiro, kwa kuwa mtaalamu aliyeupa jina aliukuta Brazili. Basi mtafiti wa majina ya mimea huko Ifakara, katika bonde la Kilombero, asiridhike akijibiwa "asumini" tu. Aoneshwe mmea wenyewe, kisha aulize wazee wanauitaje kwa Kindamba na kwa Kipogoro.