Kaskazi na kusi: wakati jahazi lilikuwa nyumba

Vitu mingi vinavyouzwa Butembo na Kirumba vinashuka kwenye bandari ya Mombasa, kisha makamio yanavipandisha kupitia Uganda hadi Kasindi. Zamani, mbele ya meli za moteri, bandari ile ilitegemea upepo.

Kila mwaka, kuanzia Desemba hivi, upepo wa kaskazi ulisukuma majahazi kutoka Uarabuni hadi Mombasa na Zanzibar, yakiwa na tende, chumvi na mazulia. Kurudi ilikuwa kungoja upepo wa kusi, karibu Aprili. Juu ya hiyo mabaharia walibaki pale wiki nyingi, wengine miezi, na nyumba yao ilikuwa chombo chenyewe. Walilala juu ya sitaha, walipika ndani ya sanduku la mbao lenye mchanga. Maji ya bahari yakipwa, walipaka deheni, ni kusema mafuta na chokaa, ili wadudu wasile mbao. Mwaustralia Alan Villiers aliishi hivyo mwaka 1938 na 1939 pamoja na mabaharia wa Kuwait, waliorudi kwao na boriti za mikoko ya Rufiji.

Kungoja kule hakukuwa bure. Mgeni anayekaa miezi anauza, anakopesha, anaoa, anajifunza luga. Njo vile maneno ya Kiarabu kama soko, bei, faida na deni yaliingia katika Kiswahili, luga ya Kibantu ya pwani. Karne ya 19, misafara ya biashara ikaileta luga hiyo hadi Kongo. Mama anayebishana bei sokoni Kirumba leo anatumia maneno yaliyovuka bahari kwa upepo ule.