Nyumba inayofaa Dar es Salaam yaweza kuwa jokofu Njombe

MTUMISHI anayehamishwa kutoka Dar es Salaam kwenda Njombe hufungasha feni pamoja na vyombo vyake vingine, akafika huko na kubaini kuwa alichopaswa kufungasha ni mablanketi.

Akianza kujenga, mara nyingi hurudia kosa hilo kwa gharama kubwa zaidi. Huchukua ramani ya nyumba aliyoipenda Kimara au Tegeta, yenye vyumba vipana na madirisha makubwa kila upande, akaisimamisha juu ya kilima kinachopigwa na upepo wa baridi.

Matokeo yake hujulikana ifikapo Juni. Familia hukusanyika katika chumba kimoja, milango hufungwa, na jiko la mkaa huingizwa ndani. Hapo ndipo suala la kustarehe nyumbani linapogeuka kuwa suala la uhai.

Chanzo cha tofauti hizi ni mwinuko wa ardhi pamoja na unyevu wa hewa. Kwa wastani, joto hupungua kiasi cha nyuzi 6 za Selsiasi kwa kila mita 1,000 mtu anazopanda. Dar es Salaam iko usawa wa bahari, Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu yake, na mji wa Njombe unakaribia mita 2,000. Katika uwanda wa Kitulo, wilayani Makete, umande huweza kuganda juu ya majani nyakati za kipupwe.

Hata hivyo, kipimajoto hakielezi kila kitu. Mchana wa Novemba mjini Dodoma unaweza kuwa na nyuzi zile zile za Dar es Salaam, lakini mtu wa Dodoma akikaa kivulini hupata nafuu, ilhali mwenzake wa Pwani huendelea kulowa shati.

Mwili wa binadamu hujipoza kwa jasho, na jasho hupoza pale tu linapokauka. Hewa ya Pwani imekwisha kushiba mvuke wa bahari, hivyo hulipokea jasho hilo kwa shida. Ndiyo maana mtungi wa udongo hupoza maji vizuri zaidi Dodoma kuliko Dar es Salaam: maji yanayopenya kwenye udongo wake hukauka upesi na kuondoka na joto. Kwa sababu hiyo hiyo, kutundika kitambaa kibichi dirishani ni hila inayosaidia Dodoma, lakini Pwani huongeza tu unyevu ambao tayari ni kero.

Kwa mkazi wa Pwani, basi, tiba ya kwanza ni upepo. Bahari ya Hindi humletea kaskazi kuanzia Desemba hadi Machi, na kusi kuanzia Aprili na kuendelea kwa miezi kadhaa. Upepo huo hauingii chumbani usipokuwa na pa kutokea. Chumba chenye dirisha moja ni sawa na chupa. Chenye madirisha katika kuta mbili hupumua.

Waswahili wa zamani walilijua jambo hili. Nyumba yao ya kawaida ilikuwa na ukumbi ulionyooka kutoka mlango wa mbele hadi uani, vyumba vikiwa kulia na kushoto, baraza mbele na makuti juu. Nao waliojenga kwa mawe Unguja walitegemea kuta nene, dari zilizo juu na vichochoro vyembamba ambamo nyumba moja huitilia kivuli nyingine. Hata Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash lililojengwa mwaka 1883, lilizungushiwa roshani pana ili jua lisizifikie kuta zake.

Ujenzi wa sasa umeyatupa mengi ya hayo. Dirisha la aluminiamu la kuteleza, ambalo limekuwa alama ya nyumba ya kisasa, hufunguka nusu tu ya upana wake. Lile la zamani la vipande vya vioo, ambalo wengi wameling'oa kwa kuliona la kishamba, lilifunguka karibu lote. Ukuta mrefu wa uzio huzuia upepo uliobaki, na uwanja uliosakafiwa kwa matofali ya saruji huhifadhi joto la mchana na kulirudisha jioni. Mwarobaini mmoja wenye matawi yaliyoinuliwa, ili upepo upite chini yake, ungefanya kazi ambayo sakafu hiyo imeiharibu.

Paa nalo lina hesabu yake. Bati lenye rangi ya giza, ambalo limependwa sana miaka ya karibuni, hunywa joto la jua. Jeupe au linalong'aa hulirudisha angani sehemu kubwa. Lakini hata bati jeupe halitoshi pasipo dari, na dari halitoshi iwapo nafasi iliyo kati yake na bati haina matundu ya kutolea hewa iliyopata moto.

Aidha, ukuta unaotazama magharibi hupigwa na jua la alasiri na kulitoa joto hilo usiku, wakati watu wamelala. Huko ndiko panapofaa kuwekwa stoo, bafu au veranda, wala si chumba cha watoto.

Baada ya hayo ndipo mashine zifuatie. Panga boi halipozi hewa. Hupoza ngozi kwa kuharakisha jasho kukauka. Kuliacha likizunguka katika chumba kisicho na mtu ni kumaliza umeme wa Luku bure. Hata hivyo, hula wati 60 hadi 80 tu, wakati kiyoyozi cha chumba cha kulala huweza kula wati 1,000 au zaidi kinapofanya kazi kwa nguvu. Kukitega nyuzi 25 huku panga boi likizunguka taratibu huleta usingizi mzuri kwa gharama ndogo kuliko kukitega nyuzi 18 na kujifunika blanketi, desturi ambayo ni vigumu kuitetea.

Dodoma inahitaji busara nyingine, nalo ni jambo ambalo maelfu ya watumishi waliohamia huko tangu mwaka 2016 wamejifunza. Huko mchana huwaka na usiku hupoa. Tembe la Wagogo, lenye kuta nene na paa bapa la udongo, liliitumia tofauti hiyo: joto la mchana lilichukua saa nyingi kupenya, na lilipofika ndani, nje palikuwa pamekwisha kupoa. Mwenye nyumba ya matofali leo anaweza kufuata kanuni hiyo kwa kufunga madirisha na mapazia saa za mchana mkali, kisha kuyafungua jioni. Pwani, ambako usiku hautofautiani sana na mchana, mbinu hiyo haina faida kubwa.

Njombe na Makete ndiko mambo yanakogeuka kabisa. Chumba kidogo chenye dari la chini hupata joto upesi. Dari ni la lazima, kwani joto hupanda na kupotelea kwenye bati. Na kwa kuwa Tanzania iko kusini mwa Ikweta, jua la Juni na Julai hupita upande wa kaskazini. Hivyo dirisha kubwa la sebule likitazama kaskazini huingiza jua wakati linapohitajika zaidi. Mapazia mazito yafungwe kabla jua halijazama, na mwanya ulio chini ya mlango uzibwe kwa kitambaa.

Tatizo ni kwamba chumba kilichozibwa vizuri ndicho kinachoua kikiwekwa jiko la mkaa. Mkaa unapoungua pasipo hewa ya kutosha hutoa gesi ya kabonimonoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Gesi hiyo hushikamana na chembe nyekundu za damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni mara 200 na zaidi, hivyo mtu hukosa pumzi huku akiendelea kuvuta hewa.

Wengi hudanganywa na makaa yaliyokolea, wakidhani moshi ukiisha hatari nayo imekwisha. Dalili ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu; aliyelala hazioni kabisa.

Mwenye kutaka moto ndani ajenge meko yenye dohani ya kutolea gesi nje. Asiye na uwezo huo, kama vile mpangaji wa chumba kimoja, aote moto nje, kisha alale kwa nguo na mablanketi kadhaa mepesi yaliyopandana, kwa kuwa hewa inayonaswa kati yake ndiyo inayotunza joto la mwili.

Akikutwa mtu amezidiwa, milango ifunguliwe, atolewe nje mara moja na kukimbizwa hospitali akapewe oksijeni. Anayeingia kumwokoa asikawie humo ndani.