Motokari imeoshwa, lakini madoa inabaki

Siku ya posho mchana, katika kila muji wa Katanga, utaona vijana wenye ndoo na vitambaa kando ya barabara. Motokari inakuja na vumbi nyekundu, inaondoka inang'aa. Lakini ikisha kukauka kwenye jua, mwenyewe anaona viduara vyeupe juu ya kapo na juu ya milango. Maneno inaanza palepale: "Weye, ulinawisha namna gani? Silipe!" Kijana naye anajitetea: "Baba, minanawisha muzuri, ni mayi tu." Mara nyingi ni kijana anayesema kweli, na anarudi nyumbani pasipo franga.

Mayi yetu inatoka chini, na chini kuna mawe. Sehemu nyingi za Katanga ziko juu ya mawe ya chokaa. Ndiyo yale yanayochimbwa Kakontwe, karibu na Likasi. Mayi ikipita ndani yake inakamata chumvi za chokaa na kuzibeba mpaka kwenye robine na visima. Mama anajua jambo hili bila kwenda masomoni: atazame tu ndani ya birika ya chai. Ule ukoko mweupe ni ndugu ya doa la kapo. Tone likikauka, mayi inapanda hewani, chokaa inabaki.

Kwa motokari ya zamani shida ni kubwa zaidi. Nyingi zetu zilitumika kwanza Japani ao Ulaya miaka mingi, zikafika hapa rangi imechoka. Chukua kitambaa cheupe, weka dawa kidogo ya kung'arisha rangi, pangusa mahali padogo. Kitambaa kikigeuka rangi ya motokari, basi rangi iko wazi, haina verni juu yake. Rangi ya namna hii, jua likiipiga sana, inakuwa kama chaki, na mayi inaishika upesi. Kitambaa kikibaki cheupe, verni ingaliko, lakini isikudanganye: hata verni inakonda.

Tena kuna doa la namna mbili. La kwanza limekaa juu tu, ni chokaa. La pili limekula rangi. Ukipitisha kidole unasikia kishimo. Hili linatoka kwa tone lililopikwa na jua siku nyingi, ao kwa mvua iliyokutana na moshi wa kiberiti unaotoka kwenye matanuru ya shaba. Lubumbashi iliyeyusha shaba tangu mwaka 1911, na wazee wanajua upande ambako upepo ulipeleka moshi ule, miti ilikufa. Kama gazi ile iliweza kuua mti, rangi ya motokari ni kitu gani?

Doa la juu linatoka kwa vinegre nyeupe. Osha kwanza motokari yote kwa mayi nyingi na sabuni laini, kusudi mchanga uondoke, maana ukisugua juu ya mchanga unachora rangi. Fanya hivi kwenye kivuli, chuma kikiwa baridi. Changanya kipimo kimoja cha vinegre na kipimo kimoja cha mayi. Lowesha kitambaa, kiweke juu ya doa dakika moja ao mbili, pangusa polepole, na usiache ikauke. Kisha osha tena kwa sabuni na mayi mpaka harufu iishe. Anza mahali pa kufichika, chini ya mlango. Mahali ambapo rangi imebanduka na chuma kiko wazi, usitie vinegre kabisa, kutu itaingia. Ukikosa vinegre, mayi ya ndimu iliyochujwa inafanya kazi ileile.

Likiwa limekula kidogo, jaribu dawa ya kung'arisha, kwa mkono na kitambaa laini. Usikaze kwenye pembe na mikunjo ya bati, pale rangi ni nyembamba. Doa la kishimo kirefu litapungua tu. Kulifuata mpaka liishe ni kuimaliza rangi yenyewe.

Sasa neno kwa vijana, nalo ni zito kuliko kapo yoyote. Katika miji ya migodi asidi haiko mbali. Kuna wanaotia asidi ya batri ndani ya ndoo, wakisema inakata doa mara moja. Inakata, ndiyo: inakata na rangi, inakata ngozi ya mkono, na tone moja likiruka linaweza kupofusha jicho. Likikurukia, osha kwa mayi safi nyingi muda mrefu, angalau dakika 20, kisha enda kwa munganga bila kungoja kesho. Mayi inayotoka migodini, hata ikionekana safi, iacheni vilevile. Inaweza kubeba asidi na metali.

Kuzuia madoa hakuombi franga nyingi. Osha asubuhi mapema ao jua likishuka. Usingoje kumaliza motokari yote ndipo ukaushe. Maliza kapo, kausha kapo, ndipo uende mlangoni. Wakati wa masika, acha mvua ya kwanza isafishe mabati, kisha kinga mayi inayofuata katika mapipa yenye kifuniko. Mayi ile haina chokaa nyingi, na ndoo moja ya kumwagia mwisho inatosha. Nta ya motokari ukipaka kila miezi mitatu inasaidia, lakini juu yake mayi inakusanyika matone matone, na kila tone lisilopanguswa litaacha alama yake. Kitambaa kikavu, basi, ndicho cha kwanza. Mwenye motokari akileta vitambaa viwili vya pamba pamoja na franga za kuosha, lile shauri la siku ya posho halitakuwa na pa kuanzia.