Uyoga na Dawa za Saratani: Usaidie, Usichukue Nafasi ya Dawa

Mvua zinaponyesha, akina mama wa Iringa na Mbeya huchuma uyoga porini, na mwingine huuzwa kando ya barabara kuu. Anayeuguza mgonjwa wa saratani aweza kuambiwa kwamba uyoga huzuia madhara ya dawa. Je, kuna ukweli?

Upo, lakini una mipaka. Dawa kama saiklofosfamaidi, inayotibu saratani ya matiti na ya tezi, huua seli za saratani kwa kuharibu vinasaba vyake. Bahati mbaya dawa haichagui. Huumiza pia seli nzima zinazogawanyika haraka, kama za uboho wa mifupa na mizizi ya nywele. Ndiyo maana nywele hunyonyoka na kinga hushuka.

Ndani ya uyoga, hamira na shayiri mna beta-glukani, aina ya polisakaridi, yaani sukari nyingi zilizoungana kama shanga katika uzi. Wanasayansi waliwapa panya beta-glukani pamoja na saiklofosfamaidi, kisha wakachunguza uboho wao kwa hadubini. Vinasaba vilivyovunjika vilikuwa vichache kuliko kwa panya waliopewa dawa peke yake.

Hata hivyo panya si binadamu, na walichopewa kilisafishwa na kupimwa. Haikuwa mboga ya sufuriani. Nchini Japani, lentinani itokanayo na uyoga wa shiitake iliidhinishwa mwaka 1985 kwa saratani ya tumbo. Ilitolewa kwa sindano, tena pamoja na dawa za saratani, si badala yake.

Kutoka Mbeya hadi Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, ni zaidi ya kilomita 800. Mgonjwa aliyechoshwa na safari na kutapika hushawishika kwa urahisi kuacha dozi zilizobaki. Hapo ndipo saratani hupata nafasi ya kurudi.

Kwa hiyo tunaziomba kamati za parokia ziwaeleze wagonjwa na ndugu zao:

1. Uyoga unaofahamika, uliopikwa ukaiva, ni chakula kizuri. Usiofahamika usiliwe kabisa.
2. Unga au vidonge vya uyoga visitumiwe kabla ya kumwuliza daktari.
3. Dozi zote zimalizwe kama daktari alivyopanga.

Nanyi wafadhili wetu, mkumbuke kwamba nauli ya dozi ya mwisho ina uzito sawa na ya kwanza.