Uzi Usio na Ncha

Vijana wetu wengi wanasoma sayansi katika vyuo vya huku ugenini, na wakirudi nyumbani na habari za masomo yao, wazee hubaki kuitikia tu. Makala haya yanakusudia kuwaeleza wazee moja kati ya habari hizo: nyuzi ndogo mno zisizo na ncha, na mwendo wake zikiwa karibu na ukuta.

Polima ni molekuli ndefu iliyoungwa kwa vipande vingi, mfano wa shanga zilizotungwa katika uzi. Ikiwa majini haitulii: molekuli za maji huigonga kila upande, nayo hujikunja na kujikunjua kwa maumbo yasiyo na idadi. Ikisogea ukutani, maumbo mengi hayawezekani tena, kwani ukuta haupitiki. Ndiyo maana mara nyingi hukaa mbali kidogo na ukuta, ingawa hapana kinachoisukuma ila uchache wa nafasi.

Sasa ziunge ncha mbili za uzi huo uwe pete. Mwaka 1949 Bruno Zimm na Walter Stockmayer, wataalamu wa Marekani, walipiga hesabu yake. Katika hali iliyo sahili kabisa, upana wa pete ni kama sehemu 7 katika 10 za upana wa uzi wazi wa urefu ule ule. Pete imejikusanya zaidi, kwa hiyo huweza kuukaribia ukuta zaidi.

Mambo haya si ya chupa za maabara tu. Bakteria aitwaye E. coli, akaaye matumboni mwetu, ana DNA ya umbo la pete, ambayo John Cairns aliipata katika picha mwaka 1963. Ikinyoshwa hufika kama milimita 1.5, na bakteria mwenyewe urefu wake ni kama sehemu 2 za elfu za milimita! Kabla ya kugawanyika hutengeneza pete ya pili. Je, mbili hizo zitaachana vipi katika chumba chembamba namna hiyo? Mwaka 2006 Suckjoon Jun na Bela Mulder walionyesha kwa hesabu za kompyuta kwamba kuta zenyewe husaidia. Zikichanganyika, hunyimana nafasi ya kujikunja. Kila moja ikishika upande wake, zote hupata nafasi.

Lakini pete zilizopitana kama mnyororo haziachani kwa kusukumana. Lazima moja ikatwe, nyingine ipite, kisha iungwe. Bakteria ana vimeng'enya vya kazi hiyo. Dawa kama ciprofloxacin huvikamata pale pete imekwisha katwa, isiungwe tena, na bakteria hufa.

Hapa ndipo habari inapotugusa. Katika mizigo yetu ya kwenda nyumbani hazikosi dawa zilizobaki, za kupewa jamaa. Dawa hizi zikitumiwa ovyo, bakteria wachache ambao vimeng'enya vyao vimebadilika hata havikamatiki hubaki wakazaana, na siku ya haja dawa haifui dafu. Basi tusigawiane vidonge kwa kukisia. Mgonjwa aonwe na daktari kwanza.

Nanyi vijana, mwakani tuandikieni mengine mnayosoma, na yawe kwa Kiswahili, ili bibi zenu nao wapate la kuwauliza.