i7 ya Mpakato, i5 ya Mezani

Katika maduka ya kompyuta zilizotumika, iwe Kariakoo jijini Dar es Salaam au Luthuli Avenue jijini Nairobi, stika ndiyo inayouza. Mteja akiona i7 hukubali kuongeza pesa. Akiona i5 huomba apunguziwe. Kwa mtu anayenunua mashine ya kumpatia riziki, mazoea haya yana hasara, kwa sababu jina moja hubandikwa kwenye prosesa zenye nguvu tofauti kabisa.

Chukua mashine mbili zilizojaa sokoni. Moja ni mpakato ya HP EliteBook 840 G3 yenye Core i7-6600U. Nyingine ni Dell OptiPlex 7040 ya mezani yenye Core i5-6500. Prosesa zote mbili ni za kizazi cha sita cha Intel, zilitoka mwaka 2015, na usanifu wake ni uleule. Kwa kazi nzito, i5 ya mezani inaishinda i7 ya mpakato, tena kwa mbali. Ina viini 4. Ile i7 ina viini 2 tu. Windows itakuonyesha 4 hata kwenye mpakato, kwa kuwa kila kiini chake hupokea mikondo miwili ya kazi kwa wakati mmoja. Lakini mikondo hiyo hugombania vifaa vilevile vya kukokotoa, kwa hiyo haifikii kazi ya viini viwili kamili.

Chanzo cha tofauti hiyo ni umeme, na joto linalotokana nao. i5-6500 imeundwa kutumia wati 65. i7-6600U, wati 15. Mpakato yenyewe, pamoja na kioo chake, diski na betri inayochajiwa, hulishwa na chaja ambayo mara nyingi ni ya wati 45 au 65. Hata umeme ungekuwepo wa kutosha, kasha lile jembamba lenye feni ndogo halina pa kulipeleka joto.

Hapa msomaji makini atauliza: ikiwa umeme umepungua zaidi ya mara nne, mbona mpakato haiwi nzito mara nne? Jibu lake ndilo linaloeleza mengi. Ili prosesa ikimbie zaidi, inahitaji pia volteji kubwa zaidi, na matumizi ya umeme hupanda kwa kipeo cha pili cha volteji hiyo. Kwa hiyo gigahezi za mwisho ndizo ghali kuliko zote. Ukishusha kasi kidogo, unaokoa umeme mwingi. Wahandisi wa mpakato wanaishi katika nafasi hiyo. Ndiyo maana i7-6600U hufika gigahezi 3.4 kiini kimoja kikifanya kazi, karibu sawa na 3.6 za i5 ya mezani. Ukifungua barua au ukurasa wa intaneti, hutaona tofauti. Mwandishi, mwalimu au karani hana sababu ya kuikimbia mpakato. Umeme ukikatika, betri yake itamfaa kuliko viini viwili vya ziada.

Kazi ndefu ni habari nyingine. Prosesa ya mpakato huruhusiwa kuvuka kikomo chake kwa muda mfupi, nusu dakika hivi, kisha hurudishwa chini. Anayehariri video za harusi anaijua hali hiyo: asilimia za mwanzo zinaruka, halafu zinaanza kutambaa. Mfano safi kabisa ulitoka Novemba 2020, Apple ilipoweka chipu ya M1 katika MacBook Air isiyo na feni na katika MacBook Pro ya inchi 13 yenye feni. Kwa kazi fupi zilikuwa sawa. Kazi ilipoendelea, Air ilijipunguza kasi ili isiungue, Pro ikaendelea.

Usidhani miaka imelifuta pengo. Katika kizazi cha 13, i7-13700K ya mezani ina viini 16 na inaweza kuvuta hadi wati 253. i7-1355U ya mpakato ina viini 10, vinane kati yake vikiwa vile vidogo vya kubana matumizi, na kikomo chake ni wati 55. Kilichobadilika ni thamani ya kizazi. i5-8250U ya mwaka 2017, yenye viini 4, inaiacha nyuma i7-7500U ya mwaka mmoja kabla, yenye viini 2, na zote ni za wati 15. Isitoshe, Windows 11 inaikubali ile ya kizazi cha nane na kuikataa ya saba.

Basi dukani, soma namba yote ya prosesa, pamoja na herufi ya mwisho. Kisha omba ufanye jaribio: endesha Cinebench, programu ya kupima prosesa, kwa dakika 10, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, na utazame gigahezi zinavyokwenda. Rudia ukiwa umechomoa chaja, maana mpakato nyingi hujibana zaidi zikiwa kwenye betri. Kasi ikianguka chini ya ile ya msingi iliyotajwa na mtengenezaji, huenda feni imejaa vumbi, na gharama ya fundi iondolewe kwenye bei.

Mashine za mezani nazo zikaguliwe. Vile vikasha vidogo vinavyofungwa nyuma ya kioo mara nyingi hubeba i5-6500T, ya wati 35 na gigahezi 2.5 za msingi badala ya 3.2. Ni mashine nzuri kwa kaunta ya duka au mapokezi, ila isiuzwe kwa bei ya i5-6500 kamili.