Kijiti kinachofichua kichocho

Je, mtoto wako alikwenda likizo Kwale akaoga mtoni? Bahari ya Diani haina kichocho, kwani konokono wanaokieneza huishi katika maji yasiyo na chumvi. Lakini mito na mabwawa ya Msambweni yamejulikana kwa maradhi haya miaka mingi.

Mayai ya minyoo ya kichocho hutoboa ukuta wa kibofu na kutoa damu. Mara nyingi damu ni kidogo mno hata mkojo huonekana safi. Hapo ndipo kijiti cha plastiki cha kupimia mkojo kinapofaa.

Kijiti hicho kina kipande cha karatasi chenye kemikali mbili: moja hutoa oksijeni, nyingine huipokea na kubadilika rangi. Damu huharakisha kazi hiyo, na manjano hugeuka kijani. Jibu husomwa kwa macho baada ya dakika 1 hivi, bila umeme. Wanasayansi pia hutengeneza polima, yaani jamaa za plastiki, zinazobadilika rangi au kung'aa zikinasa kemikali fulani.

Kumbuka kwamba kijiti huonyesha damu, si minyoo. Hata hedhi hukibadilisha rangi. Kwa hivyo mkojo upimwe pia kwa hadubini, hasa wa kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, mayai yanapokuwa mengi. Mtoto asiye na dalili apimwe miezi 3 hivi baada ya kuoga, minyoo ikishakomaa. Dawa yake ni prazikwanteli.

Usipoziba ufa utajenga ukuta: kichocho kisipotibiwa huweza kuleta saratani ya kibofu.